Msiichore RNA mjumbe ikiwa peke yake

Kwa Mhariri,

Picha ya RNA mjumbe, nakala ya jeni inayopeleka maelekezo ya kutengeneza protini, mnayoichapisha kwenye kurasa za afya na za marudio ya wanafunzi haibadiliki: DNA juu, mshale, RNA mjumbe katikati, mshale, protini chini. Picha hiyo ilitosha mwaka 1961, RNA mjumbe ilipotambuliwa mara ya kwanza. Leo inamwacha msomaji gizani pale pale anapohitaji kuelewa, hasa msomaji wa Malindi, Kilifi na Lamu, ambako malaria na magonjwa ya damu ya kurithi si habari za kusoma kwa mbali. Naomba nafasi nieleze kilichoachwa kwenye ule mshale wa kwanza.

Kilichoachwa ni protini zinazoishika RNA. Bi harusi wa pwani hatoki ndani bila somo wake, na RNA mjumbe ni vivyo hivyo, ila huku wasindikizaji hubadilishana njiani, na baadhi yao wameshika makasi.

Chukueni jeni ya beta globini, inayotengeneza minyororo miwili kati ya minne ya himoglobini ya mtu mzima. Kimeng'enya cha RNA polimerasi II kikishaanza kuinakili, nakala haijafika mbali, ina nyukliotidi (nitaziita herufi: A, C, G na U; kwenye DNA T hushika nafasi ya U) kama 20 hadi 30 tu, na tayari mwanzo wake unavishwa kofia: G moja iliyopachikwa kinyumenyume na kutiwa kikundi cha methili kwenye nafasi ya saba. Protini mbili, CBP20 na CBP80, huikamata kofia hiyo papo hapo. RNA isiyo na kofia hutafunwa kuanzia kichwani. Vimeng'enya vya kuvisha kofia havizunguki ndani ya kiini vikiitafuta nakala. Hupanda kwenye mkia wa polimerasi yenyewe, ambao kwa binadamu ni asidi amino (matofali ya protini) saba zilizorudiwa mara 52. Serini, asidi amino iliyo nafasi ya tano katika hizo saba, ikitiwa fosfeti, wavishaji kofia hufika. Baadaye, serini ya nafasi ya pili ikitiwa fosfeti, hufika wakataji wa mwisho wa nakala. Ndiyo maana si sawa kuandika kwamba RNA "hunakiliwa kisha hutayarishwa". Kazi zote mbili huenda sambamba.

Nakala ghafi ya beta globini ina herufi kama 1,600. Ndani yake mna eksoni tatu, zinazobaki, na introni mbili, zinazotupwa: ya kwanza ina herufi 130, ya pili 850. Zaidi ya nusu ya kilichonakiliwa ni cha kutupa. Habari hii ya jeni kukatikakatika iligunduliwa mwaka 1977 na vikundi viwili, cha Phillip Sharp na cha Richard Roberts, vilivyokuwa vikichunguza adenovirusi, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Swali gumu ni hili: seli inajuaje pa kukata? Karibu introni zote huanza na GU na kuishia na AG, lakini herufi mbili peke yake hazitoshi kuwa alama. Kwa bahati nasibu tu, GU hutokea mara moja katika kila jozi 16. Seli ingekata penye kila GU ingebaki na makombo.

Mpaka hutambuliwa na kundi zima. Mwanzo wa introni hushikwa na U1, chombo chenye RNA fupi ya herufi 164 na protini kumi: saba za Sm zilizojipanga kwa mduara, na tatu zake mwenyewe, U1-70K, U1A na U1C. RNA ya U1 hujilinganisha na mwanzo wa introni herufi kwa herufi, na U1C hukaza mshikano huo. Upande wa mwisho hufika protini tatu kwa pamoja. SF1 hushika eneo lenye A iitwayo ya tawi, U2AF65 hushika mfululizo wa U na C, na U2AF35 hugusa ile AG yenyewe. Kisha U2, chombo kingine cha jamii ya U1, huja, huiondoa SF1 na kuisukuma A ya tawi itokeze nje ya safu. U4, U5 na U6 hufika zikiwa kundi moja, U1 na U4 hutolewa, ndipo ile A inaposhambulia mwanzo wa introni. Introni hujipinda kuwa kitanzi, eksoni mbili huungwa, kitanzi hutupwa.

Wasomaji wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huenda wameliona jina Sm kwenye karatasi ya maabara, maana kipimo cha anti-Sm hutafuta kingamwili dhidi ya protini hizo hizo. Mwaka 1979 Michael Lerner na Joan Steitz walitumia kingamwili za wagonjwa wa lupasi kuzinasa chembe hizi, na mwaka uliofuata wakapendekeza kwamba U1 ndiyo inayotambua mipaka ya introni.

Sasa tazameni mpaka mmoja kwa karibu. Introni ya kwanza ya beta globini huanza na GUUGGU. G ya tano hapo hukutana na C ya U1. Kuna kosa la kurithi ambalo ni maarufu sana India, Pakistan na Oman: G hiyo ya tano imekuwa C. Herufi moja tu. U1 bado hufika, lakini mshiko umelegea, na hapo huibuka mipaka mitatu ya bandia ambayo siku zote ilikuwapo bila kuguswa: miwili ndani ya eksoni ya kwanza, herufi 38 na 16 kabla ya mpaka halali, na mmoja herufi 13 ndani ya introni. RNA nyingi hukatwa huko, chache hukatwa sawa, na mtoto aliyerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama hupata thalasemia kali, yaani upungufu mkubwa wa himoglobini. Pwani iliyooana na Oman na India kwa karne nyingi haina sababu ya kudhani hili ni tatizo la watu wengine.

Kosa jingine, la Kipro na Kigiriki zaidi, halibomoi mpaka wowote. Linaongeza mmoja. Herufi ya 110 ya introni hiyo hiyo ikibadilika kutoka G kuwa A, huzaliwa AG mpya herufi chache kabla ya ile halali. Wakataji huipenda hiyo mpya, kiasi cha RNA tisa kati ya kumi kubaki na herufi 19 za ziada. Kumi na tisa haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo usomaji wote unaofuata huharibika.

Wanafunzi hodari huuliza protini moja inaishikaje RNA kiasi cha kuitambua. Jibu linakatisha tamaa kidogo: inaishika kwa ulegevu. Umbo linaloonekana mara nyingi zaidi huitwa RRM, asidi amino kama 90 zilizokunjwa kuwa ubapa wa nyuzi nne wenye helisi mbili nyuma yake. Juu ya ubapa huo hutokeza asidi amino zenye pete, kama fenilalanini na tairosini, na herufi za RNA hulala juu ya pete hizo moja moja. Kikundi cha Kiyoshi Nagai kilionyesha jambo hili kwa fuwele ya U1A mwaka 1994. RRM moja kwa kawaida husoma herufi tatu au nne. Umbo la KH, lenye asidi amino kama 70, husoma nne. Protini za Pumilio ndizo zenye nidhamu: marudio manane, kila moja na herufi yake, na neno wanalolitafuta huanza na UGUA.

Fanyeni hesabu. Neno la herufi nne hutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 256. Katika nakala ya herufi 1,600 litatokea mara sita hivi, na moja tu huenda ndilo lenye maana. Protini yenye RRM moja haiwezi kulichagua. Hivyo nyingi huwa na RRM mbili, tatu au nne kwenye mwili mmoja, au hushikana na jirani: protini za SR, zinazosaidia kuunga, zikikaa kwenye eksoni huivuta U1 upande mmoja na U2AF upande mwingine, na hnRNP A1, protini pinzani, ikifika kwanza huziba njia. Nani atashinda hutegemea wingi wa kila mmoja katika seli hiyo. Ndiyo sababu jeni moja hutoa RNA tofauti kwenye ini na kwenye ubongo, ingawa DNA ni ile ile. Binadamu ana zaidi ya protini 1,500 zinazoshika RNA za aina mbalimbali, kwa hiyo foleni si fupi.

Baada ya kuunga, seli huacha alama. Herufi 20 hadi 24 kabla ya kila kiungo huwekwa kundi la protini liitwalo EJC, ambalo moyo wake ni eIF4A3, MAGOH na Y14. Beta globini ina viungo viwili, kwa hiyo hutoka na EJC mbili. Ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) ya kwanza kuisoma RNA huzing'oa zote ikipita. Ikisimama mapema, kwenye kodoni (herufi tatu zinazosomwa pamoja) ya kukomesha usomaji iliyo zaidi ya herufi 50 hadi 55 kabla ya kiungo cha mwisho, EJC iliyobaki mbele huwa ushahidi kwamba kuna kasoro. Protini ya UPF1 na wenzake huitwa na RNA huharibiwa. Kosa linaloigeuza kodoni ya 39 kuwa ya kukomesha, maarufu kule Sardinia, huangukia kwenye eksoni ya pili na hukamatwa hivyo. Kosa la aina hiyo hiyo likiwa kwenye eksoni ya tatu halikamatwi, maana mbele yake hakuna EJC tena. Protini fupi mbovu hutengenezwa na kurundikana, na mtu huugua hata akiwa amerithi kosa kwa mzazi mmoja. Mwandishi anayesema "thalasemia hurithiwa kwa wazazi wawili" bila nyongeza amewasahau hawa.

Mwisho wa nakala una sheria zake. Kundi la protini liitwalo CPSF hutafuta AAUAAA, ikitumia vipande vyake WDR33 na CPSF30, na kundi jingine, CstF, hushika eneo lenye G na U nyingi mbele kidogo. Kipande cha CPSF73 hukata herufi 10 hadi 30 baada ya AAUAAA, kisha polimerasi ya poli-A huongeza A moja moja hadi zifike kama 200 au 250. Anayesema "basi, inatosha" ni PABPN1, inayoufunika mkia kadiri unavyorefuka. Wapo wagonjwa wa beta thalasemia ambao AATAAA ya jeni yao imekuwa AACAAA: CPSF haishiki vizuri, na RNA huendelea mamia ya herufi hadi ipate alama nyingine.

Safari ya kutoka nje ya kiini nitaipitia haraka. ALYREF huishika RNA iliyokamilika na kuikabidhi kwa NXF1, nayo huivusha kwenye tundu la utando. Upande wa pili DBP5 huwabandua wasindikizaji ili warudi ndani. Kwenye saitoplazimu kofia hupokewa na eIF4E, na mkia na PABP nyingine.

Hapo kwenye saitoplazimu kuna jambo ambalo wauguzi wetu wangelipenda. Chembe nyekundu changa imekwisha kutupa kiini chake. Haiwezi kunakili RNA mpya hata moja, na bado inahitaji kutengeneza himoglobini. RNA ya alfa globini hudumu kwa sababu eneo lake la mwisho, lenye C nyingi, limeshikwa na protini za PCBP. Katika himoglobini iitwayo Constant Spring, kodoni ya kukomesha UAA imekuwa CAA. Ribosomu haisimami; huongeza asidi amino 31 na, ikipita, huzibandua zile PCBP. Kinachomwumiza mgonjwa ni RNA iliyovuliwa ulinzi ikaoza upesi, kuliko hata zile asidi amino za ziada.

Hebu tuigeukie selimundu, kwa sababu kurasa zenu huichanganya na thalasemia. Katika selimundu GAG ya kodoni ya sita imekuwa GTG. RNA yake huvishwa kofia, huungwa, hupewa mkia na kusafirishwa bila kasoro yoyote. Tatizo ni protini inayosomwa. Alfa thalasemia iliyo tele Kilifi, ambayo zaidi ya nusu ya watu wameibeba kwa kiwango fulani, nayo si kosa la kuunga: kipande cha herufi kama 3,700 kimeondoka kwenye DNA pamoja na jeni moja ya alfa. Beta thalasemia ndiyo makao ya makosa ya utayarishaji wa RNA. Na mtoto anaweza kurithi S (himoglobini ya selimundu) kwa mama na beta thalasemia kwa baba.

Hapo ndipo karatasi ya maabara inapodanganya. Ikiwa kosa la beta ni la kuzima kabisa, mtoto hana himoglobini A, ile ya kawaida, na majibu hufanana na ya SS, aliyerithi S kwa wazazi wote wawili. Ikiwa ni la kupunguza, A itakuwapo lakini S itaizidi. Mbebaji wa kawaida wa AS huwa na A nyingi kuliko S. Mtoto aliyeongezewa damu majuzi atasoma A ya mtu mwingine, kwa hiyo sampuli ingoje miezi mitatu hivi. Chini ya miezi sita himoglobini ya kichanga bado ni nyingi na beta haijulikani vizuri. Ukubwa wa chembe nyekundu ukiwa mdogo si ushahidi hapa kwetu, kwani alfa thalasemia na upungufu wa madini ya chuma huzipunguza pia. HbA2, himoglobini ya kawaida iliyo chache mwilini, iliyozidi asilimia 3.5 huelekeza kwenye beta thalasemia, ila mashine za HPLC, zinazotenganisha aina za himoglobini, huipandisha kwa uongo palipo na S, na upungufu wa chuma huishusha. Kwa hiyo wapimwe wazazi. Mzazi asiye na S, mwenye chembe ndogo, chuma cha kutosha na HbA2 ya juu, hutoa jibu ambalo mtoto hakulitoa.

Msomaji ana haki ya kuuliza haya ya nani kashika wapi yanajulikanaje. Njia iliyo maarufu zaidi ni CLIP, iliyoletwa mwaka 2003 na Jernej Ule, Robert Darnell na wenzao. Seli hai humulikwa kwa miale ya urujuanimno ya nanomita 254. Palipo na mgusano wa moja kwa moja kati ya protini na herufi, viwili hivyo huungana daima. Protini na protini haziungani, na hilo ndilo linaloipa njia hii thamani kuliko fomalini, inayounganisha kila kitu na jirani yake. Seli hupasuliwa, RNA hukatwa vipande kwa kimeng'enya, na kingamwili huivuta protini inayotakiwa. Kila kitu hupitishwa kwenye jeli, kisha huhamishiwa kwenye karatasi ya nitroselulosi. Hatua hii wengi huidharau, na ndiyo inayosafisha: RNA iliyo huru hupita karatasi, iliyoungana na protini hunata. Baadaye proteinasi K humeng'enya protini, hubaki kisiki kidogo, na RNA husomwa.

Yanayoharibika ni mengi. Muungano wenyewe hutokea kwa sehemu ndogo tu ya migusano, na U hupendelewa kuliko herufi nyingine, kwa hiyo ramani huegemea kwenye U hata pale protini isipoijali. Kimeng'enya kikizidi, vipande huwa vifupi chini ya herufi 20 na havijulikani vimetoka jeni gani. Kikipungua, jeli huonyesha ukungu mrefu usiokatika. Kingamwili isiyo chaguzi huleta majirani. Sampuli isiyomulikwa lazima iwepo pembeni, na ikitoa RNA karibu sawa na iliyomulikwa, kazi irudiwe. Kwenye PCR, hatua ya kuzidisha nakala, mizunguko ikizidi, kipande kimoja huonekana mia. Dawa yake ni kukipa kila kipande herufi za nasibu kabla ya kuzidisha. Njia ya iCLIP ya mwaka 2010 iligeuza kero kuwa faida: kinakili kinyume, kimeng'enya kinachoinakili RNA kuwa DNA, hukwama kwenye kile kisiki cha protini, kwa hiyo mahali kilipokwama panaonyesha herufi iliyoshikwa.

Hata ramani ikiwa safi, kushika si kufanya kazi. Protini ya Nova, inayosoma YCAY (Y ikiwa C au U), ikishika ndani ya eksoni au kabla yake huifanya iachwe. Ikishika introni iliyo baada ya eksoni huifanya iingizwe. Protini moja, neno moja, matokeo mawili. Makala yoyote inayosema protini fulani "huwasha" au "huzima" kuunga bila kutaja imekaa wapi haijasema kitu.

Malaria nayo inahusika, na hapa Pwani tungetarajia muiandike mara kwa mara. Gametositi jike ya malaria, hatua ya kimelea inayosubiri kunyonywa na mbu, ikiwa ndani ya damu ya mtu huwa imekwisha kunakili RNA za protini itakazozihitaji ndani ya mbu, zikiwemo P25 na P28. Hazisomwi. Utafiti kwenye malaria ya panya, Plasmodium berghei, ulionyesha mwaka 2006 kwamba protini ya DOZI huzishika na kuzinyamazisha. DOZI ikiondolewa, mamia ya RNA hizo huoza na zaigoti haiendelei kukua. Mbu akinyonya damu, joto hushuka, mshiko hufunguliwa na protini hutengenezwa mara moja. Hili lina gharama kwa watengeneza chanjo. Pfs25, ndiyo P25 ya Plasmodium falciparum anayewapata binadamu, mlengwa wa chanjo za kuzuia maambukizi kwenda kwa mbu, haitengenezwi ndani ya mwili wa binadamu, kwa hiyo mtu aliyechanjwa hata akiugua malaria mara ngapi, kinga yake dhidi ya Pfs25 haiamshwi upya na vimelea. Ni lazima chanjo yenyewe iibebe kazi yote.

Upande wa dawa, wale wakataji wa mwisho wa nakala wamekuwa shabaha. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba AN3661, kemikali yenye boroni, huua Plasmodium falciparum kwa kuizuia CPSF3, ndiyo ile CPSF73 niliyoitaja, kwa jina la kimelea. Mwaka 2018 ikaonyeshwa kwamba acoziborole, dawa ya malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, hulenga CPSF3 ya tripanosoma, vimelea vya ugonjwa huo. Dozi yake iliyojaribiwa ni miligramu 960 kwa mdomo mara moja tu, vidonge vitatu. Tripanosoma wana udhaifu wa pekee hapa: hunakili jeni nyingi kwa mstari mmoja mrefu, kisha kila RNA hukatwa na kubandikwa kichwa kile kile cha herufi 39. Wafugaji wa upande wa msitu wa Boni, wanaopoteza ng'ombe kwa tripanosoma wanaoenezwa na mbung'o, wanastahili kusoma hili kwa Kiswahili.

Chanjo za mRNA za korona nitazigusa tu, kwa kuwa uvumi bado upo. RNA yake hufika ikiwa na kofia na mkia vilivyotiwa kiwandani. Ile ya Pfizer na BioNTech ina A 30, herufi 10 nyingine, kisha A 70. Haina introni, haihitaji U1, na haina shughuli ndani ya kiini. Hushikwa na eIF4E na PABP kwenye saitoplazimu, husomwa, huoza.

Ombi langu ni dogo. Mchoraji wenu akichora tena, aandike "beta globini" badala ya "jeni", aonyeshe ukingo wa kiini, kofia ikiwa na protini zake mbili, introni moja fupi na moja ndefu, EJC mbili, na mkia uliofunikwa. Nafasi inatosha kwenye safu mbili. Na ukurasa wa afya ukizungumzia matokeo ya selimundu, uandike wazi kwamba S bila A kwa mtoto mmoja si lazima iwe SS, na kwamba wazazi wote wawili waombe kupimwa HbA2 na madini ya chuma siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa baiolojia,
Malindi